Malawi haina pwani: kwa nini vipimo vya bahari vinawahusu wakaazi wa Dzaleka na Nathenje?

Malawi haina hata kilomita moja ya pwani. Hata hivyo, mvua inayootesha mahindi ya Nathenje, kusini mwa Lilongwe, na bei ya unga katika soko la Dzaleka, wilayani Dowa, hutegemea kwa kiasi kikubwa joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki.

Kimbunga Freddy kilidhihirisha hayo kwa namna ya kuhuzunisha. Kilianza mwezi Februari 2023 karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikazipiga Madagascar na Msumbiji, kikarudi baharini kujipatia nguvu mpya, kisha kikatua tena Msumbiji tarehe 11 Machi na kuelekea kusini mwa Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limethibitisha kuwa kilidumu siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga kingine chochote cha kitropiki kilichowahi kurekodiwa. Nchini Malawi vifo 679 vilithibitishwa, na zaidi ya watu 500 hawakuonekana tena. Katika vitongoji vya Blantyre kama Chilobwe, tope na mawe vilishuka mlimani usiku na kuzifukia nyumba.

Joto lililo chini ya maji

Kimbunga hupata nguvu kutokana na maji ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 26 au zaidi. Lakini joto la juujuu halitoshi, kwa kuwa upepo wake huyakoroga maji na kuyaleta juu yale ya baridi. Joto likiwa limeshuka mita nyingi, kimbunga huendelea kunenepa. Setilaiti huuona uso wa bahari tu. Kilichomo chini hakijulikani mpaka chombo kizamishwe.

Kazi hiyo hufanywa na vyombo vya mpango wa kimataifa wa Argo, vipatavyo 4,000 katika bahari zote za dunia. Kila kimoja, chenye umbo la silinda, huelea katika kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku kumi hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda polepole kikipima joto na chumvi ya maji. Kikifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti na kuzama tena.

Tangu mwaka 2004, Bahari ya Hindi pia imekuwa na mtandao wa maboya yaliyotiwa nanga, uitwao RAMA. Kuyatunza si kazi nyepesi. Samaki hupenda kukusanyika chini ya boya, wavuvi huwafuata, na vifaa huharibika. Upande wa magharibi, kuelekea Somalia, maharamia waliichelewesha kazi hiyo kwa miaka. Kwa hiyo bahari iliyo jirani zaidi na Afrika Mashariki ilikosa vipimo kwa muda mrefu.

Ukame huku, mafuriko kule

Thamani ya vipimo hivyo haiishii kwenye vimbunga. Mwaka 1999, watafiti waliokuwa wakifanya kazi nchini Japani walieleza jinsi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi unavyoweza kupata joto kupita kiasi wakati upande wa mashariki unapoa. Hali hiyo huongeza mvua Afrika Mashariki. El Niño, inayotokea Pasifiki, mara nyingi huleta ukame kusini mwa bara. Mwishoni mwa mwaka 2023 yote mawili yalikutana: Kenya na Somalia zikafurika, huku mahindi ya Malawi yakinyauka. Tarehe 23 Machi 2024, Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya janga katika wilaya 23 kati ya 28.

Kwa mkulima wa Nathenje, utabiri wa msimu ukitoka mapema humwezesha kuchagua mbegu inayokomaa haraka, au kuongeza mihogo na viazi vitamu. Wakaazi wa Dzaleka wana nafasi finyu zaidi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994, ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wengi hutegemea misaada ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mavuno yakipungua, bei ya unga hupanda, na msaada uleule hununua kidogo. Shirika linaloonywa miezi kadhaa kabla huweza kuomba fedha na kununua nafaka kabla bei haijapaa.

Hapa ndipo fedha za utafiti zinapokuwa suala la chakula. Vyombo vya Argo hufanya kazi kwa miaka michache tu, betri zikaisha, na lazima vingine vitupwe baharini. Marekani pekee imekuwa ikichangia karibu nusu yake. Nchi ikipunguza mchango, pengo hubaki baharini bila kuonekana, na utabiri unaoifikia Malawi hupoteza uhakika wake.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili kuna hatua moja zaidi. Utabiri rasmi wa Malawi hutolewa hasa kwa Kiingereza na Kichewa. Ndani ya Dzaleka, redio ya jamii ya Yetu hutangaza kwa Kiswahili pia, na mvua huanza kutarajiwa kuanzia Novemba.