Dirisha la Jiwe na Neno la Ngoma: Kuusoma Upya Mji wa Ahmedabad

Mji wa Ahmedabad, magharibi mwa India, uliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza. Mwaka 2017 sehemu yake kongwe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukawa mji wa kwanza wa India kupata hadhi hiyo. Miongoni mwa majengo anayooneshwa mgeni ni Msikiti wa Sidi Saiyyed. Makala haya yanauzingatia msikiti huo kwa sababu hapo ndipo mtafiti wa Kiswahili hushawishika kudai mengi kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Msikiti ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati Akbar alipokuwa akiiteka Gujarat na usultani wake ukifikia kikomo. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa Mhabeshi aliyewatumikia wakuu wa usultani huo. Madirisha yake ni ya jiwe lililotobolewa kwa nakshi. Lililo mashuhuri zaidi linaonesha mti ambao matawi yake yamesokotana, na leo limekuwa nembo ya mji. Hata hivyo, chini ya utawala wa Waingereza msikiti huo uligeuzwa ofisi ya serikali kabla ya kurejeshewa heshima yake. Jiwe nalo, basi, huhitaji sera ya kulilinda.

Je, dirisha hilo ni urithi wa Waswahili? La hasha. Uhabeshi si Uswahilini, na jina "Sidi" nchini India limewakusanya watu waliotoka sehemu mbalimbali za Afrika kwa nyakati tofauti: askari, mabaharia, watumwa na watawala. Kuwafanya wote kuwa Waswahili ni kuifuta historia tunayodai kuihifadhi.

Ushahidi wenye uzito kwetu haumo ukutani bali katika vinywa vya watu. Masidi wa Gujarat, ambao leo huzungumza Kigujarati, huuita uchezaji wao wa kumuenzi walii Bava Gor "goma". Uhusiano wa neno hilo na "ngoma" hauna shaka kubwa: nazali ya mwanzo imedondoka, na maana imebaki ileile, inayojumuisha chombo, uchezaji na hafla. Lakini hapa pia tahadhari inahitajika. "Ngoma" ni neno la lugha nyingi za Kibantu. Peke yake linathibitisha asili ya Kibantu, si ya Kiswahili mahususi. Ili kwenda mbali zaidi, yahitajika msamiati mpana uliokusanywa kutoka kwa wazee na kulinganishwa na lugha za pwani na za bara.

Hapo ndipo penye wajibu wa washauri wa sera. Dirisha la Sidi Saiyyed lina walinzi, wapiga picha na ulinzi wa sheria. Neno "goma" na nyimbo zinazoandamana nalo hutegemea kumbukumbu ya jamii ndogo, na mzee anapofariki hakuna fundi wa kulichonga upya neno alilokwenda nalo. Taasisi za Kiswahili za ukanda huu zingefaa kushirikiana na vyuo vikuu vya Gujarat, pamoja na Masidi wenyewe, kuurekodi msamiati huo mapema, bila kuamua kabla ya utafiti kwamba ni wetu.