Garimoshi

Neno garimoshi, ambalo pia huandikwa gari la moshi, limeunganisha gari, lenye asili ya Kihindi, na moshi, neno la Kibantu, nalo hukitaja chombo kwa kile kilichoonekana na macho, ingawa nguvu iliyozungusha magurudumu ilitokana na mvuke, yaani maji yaliyochemshwa hadi yakawa hewa yenye msukumo mkubwa. Wakazi wa Muthurwa na Makongeni, mitaa ya wafanyakazi wa reli huko Eastlands, Nairobi, waliuzoea moshi huo, hasa baada ya 1955, zilipoanza kuwasili injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na tangi lake la kuchemshia maji lilibebwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, ili chombo kirefu namna hiyo kiweze kukata kona za milimani. Zilichoma mafuta mazito, si makaa. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Treni za leo huvutwa na injini za dizeli au za umeme, lakini garimoshi bado ni Kiswahili sanifu, tena kizuri, na waandishi wasilikimbie.