Nani Anaita, Nani Anaitika? Historia Fupi ya Kuandika Katiba Katika Inchi Yetu

Tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, Prezida Félix Tshisekedi alitangaza kule Kisangani kwamba ataunda tume ya wataalamu ili kuchunguza katiba ya inchi. Kwa hiyo padri au mukatekista anaweza kuulizwa na wakristu wake: Katiba ni nini, na nani ana ruhusa ya kuita watu ili iandikwe upya? Kujibu kwa hasira au kwa mapendeleo ya chama haifai. Inafaa kutazama kwanza namna kazi hii ilivyofanyika mbele yetu.

1. Sheria iliyotoka Ulaya

Katiba ni sheria ya musingi: inasema nani anatawala, kwa muda gani, na mamlaka yake inaishia wapi. Sheria ya musingi ya kwanza ya Kongo huru haikuandikwa Kongo. Mwanzo wa mwaka wa 1960, wakubwa wa vyama vyetu walikutana na Wabelgiji katika Bruxelles, kwa mukutano ulioitwa Meza ya Muviringo. Halafu, tarehe 19 mwezi wa tano, mufalme wa Ubelgiji akaitia sahihi Sheria ya Musingi iliyopitishwa na Bunge la inchi yake. Ilikuwa sheria ya muda tu. Wabunge wa Kongo ndio waliopaswa kuandika katiba yenyewe. Lakini mafarakano yaliwashinda, na mwezi wa kenda 1963 Prezida Kasa-Vubu akawarudisha kwao.

2. Luluabourg, 1964

Basi Prezida akaita tume ya katiba. Ilifungua kazi tarehe 10 mwezi wa kwanza 1964 katika Luluabourg, muji unaoitwa leo Kananga, chini ya uongozi wa Joseph Ileo. Nyuma ya miezi mitatu kazi ilikuwa tayari. Safari hii walioandika walikuwa Wakongomani. Ni katiba ile iliyoleta jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Raia waliitwa kupiga kura, na tarehe 1 mwezi wa nane ikatangazwa.

Lakini sisi watu wa Kivu tunapaswa kukumbuka jambo moja. Tangu mwezi wa tano mwaka ule Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi, na katika mwezi wa nane vita ilifika ndani ya Bukavu. Pale walipotawala waasi, raia hawakupiga kura. Waliitwa, lakini hawakuweza kuitika. Na katiba yenyewe haikudumu: tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965 Mobutu alishika utawala, na mwaka wa 1967 akaweka katiba nyingine.

3. Mukutano Mukuu wa Taifa

Nyuma ya miaka mingi ya chama kimoja, Mukutano Mukuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa tarehe 7 mwezi wa nane 1991. Wajumbe walipita 2,800: watu wa vyama, wa serikali, wa dini, na wa mashirika ya raia. Waliomuchagua kuwaongoza ni Mgr Laurent Monsengwo, Askofu Mukuu wa Kisangani wakati ule. Mwezi wa kwanza 1992 serikali ikaufunga. Tarehe 16 mwezi wa pili wakristu walitembea katika barabara za Kinshasa, wakiomba ufunguliwe tena. Askari wakawapiga risasi, watu wengi wakakufa. Mwezi wa ine ukafunguliwa tena.

Mukutano ule ulijiita wenye mamlaka kamili, maana yake maamuzi yake yanalazimisha watu wote, hata Prezida. Mobutu hakukubali. Mukutano ulimaliza kazi yake mwisho wa mwaka wa 1992 na kuacha katiba iliyokwisha kuandikwa, lakini raia hawakuitwa kamwe kuipigia kura. Wenye kuitika walikuwa wengi kupita wakati wowote. Yule mwenye nguvu ndiye aliyekataa kuitika.

4. Katiba ya 2006

Vita mbili zikafuata. Nyuma ya mapatano ya mwaka wa 2002 katika Afrika ya Kusini, Bunge la mupito liliandika katiba mupya, na mwezi wa kumi na mbili 2005 raia waliipigia kura. Karibu 84 kwa mia walikubali. Ilitangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006.

Katiba hii inaonyesha wazi njia ya kuigeuza. Kifungu cha 218 kinasema nani anaweza kuomba: Prezida, serikali, nusu ya wajumbe wa kila nyumba ya Bunge, ao raia 100,000 kwa sahihi zao. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa vipindi vya Prezida. Na kifungu cha 219 kinakataza kuigeuza wakati wa vita. Lakini kuita mukutano wa kuandika katiba mupya kabisa, juu ya jambo hilo haisemi neno.

5. Fundisho

Wengine wanasema: katiba iliyozaliwa katika mapatano ya vita inaweza kuandikwa upya wakati wa amani. Neno hili si la kudharau. Lakini amani iko wapi? Mwezi wa pili 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na kabla ya hapo waliingia Goma. Kuita inchi yote wakati sehemu yake haiwezi kuitika, hiyo ni kurudia mwaka wa 1964.

Wazee wanasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Tume ya wataalamu ni kidole. Bunge ni kidole. Mapenzi ya Prezida ni kidole. Mukono ni raia wote, hata wale wa Kivu.

Kifungu cha 45 kinaagiza wakubwa wa serikali waeneze na kufundisha katiba. Tusiwangoje. Mukatekista asome vifungu hivi vitatu pamoja na watu wake, kwa luga wanayoisikia. Siku watakapoitwa, wajue wanaitwa kwa kazi gani.