Meza ya Seremala

Ewe msomaji, upitapo karakana ya seremala, macho yako huvutwa na nini? Bila shaka ni kabati lililokwisha kung'arishwa, au kitanda kinachomngoja mwenyewe. Ile meza kuukuu yenye makovu ya msumeno na patasi, ambayo juu yake vyote hivyo vimetengenezwa, huitazami. Lakini meza hiyo ina historia ndefu, tena ina funzo.

Seremala ana adui mmoja wa siku zote, nao ni ubao usiotulia. Akiusukuma kwa randa, hukimbia. Akiupiga patasi, huruka. Akiushika kwa mkono mmoja, mkono uliobaki hautoshi kufanya kazi. Kwa hiyo meza yake si mahali pa kuwekea vitu tu, bali ni mkono wake wa tatu.

Warumi wa kale walilijua jambo hili. Katika Herculaneum, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ilikutwa picha ya ukutani yenye kuonyesha ubao ukikatwa kwa msumeno juu ya meza ya namna hii. Meza nyingi za Warumi zilikuwa fupi, hata fundi aliweza kukaa juu yake na kuubana ubao kwa uzito wa mwili wake. Karne zikapita, meza ikainuka. Mwaka 1505, huko Nuremberg, Ujerumani, ilichorwa meza yenye jiriwa ya kubana ubao kwa parafujo.

Lakini aliyetuachia maelezo kamili ni Mfaransa André-Jacob Roubo, aliyezaliwa mwaka 1739. Yeye alikuwa seremala, mwana wa seremala. Kati ya mwaka 1769 na 1775 kilitolewa kitabu chake kikubwa juu ya useremala, L'Art du menuisier. Asema kwamba uso wa meza uwe ubao mmoja wenye unene wa inchi 5 au 6, na miguu iwe ya mwaloni mgumu. Upande wa kiini cha mti utazame juu, kwa kuwa ndio mgumu zaidi. Ndimi za miguu zipenye mpaka juu ya ubao. Na kimo chake kisipite mapaja ya fundi, ili asukumapo randa atumie nguvu za mwili mzima, wala si za mikono peke yake. Meza nzito namna hiyo haitikisiki.

Je, Roubo ndiye aliyevumbua hayo yote? Hasha! Mafundi wengi waliomtangulia waliyajua, lakini walizikwa nayo. Yeye aliishika randa, akaishika na kalamu. Ndiyo sababu hata leo, baada ya miaka zaidi ya 200, wako watu wanaojenga meza kwa maelezo yake katika karakana za nyumbani kwao.

Basi, mwanafunzi mpendwa, usidhani kwamba kalamu ni ya msomi na randa ni ya asiyesoma. Kijijini kwako yuko mzee ajuaye kuchagua mvule mkavu kwa kuugonga tu. Mwendee na daftari lako, umwamkie kwa heshima, umwulize, uandike. Akifa kabla hujamwuliza, hakuna kitabu kitakachokujibu.