Dado la Pazia

Ipo rasimu ya Kiswahili ya kanuni za michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, inayopita sasa mikononi mwa watafsiri. Humo, msimamizi wa mchezo anapotupa dado mahali ambapo wachezaji hawalioni, kitendo hicho kimeitwa “urushaji fiche wa kete”. Istilahi hiyo imepitishwa na jopo ambalo halikuona haja ya kujibu barua yangu, nami sina budi kuieleza hoja yangu hadharani, maana ubovu wa istilahi hiyo unaanzia kwenye nomino yenyewe.

Kete si dado. Mcheza bao wa Zanzibar anajua kete ni zile komwe 64 zinazogawiwa shimo kwa shimo, na mtoto anayecheza ludo anajua kwamba kete ndiyo inayotembea ubaoni, na dado ndilo linaloamua itembee hatua ngapi. Dado tulilipokea kwa Wareno pamoja na karata na aina zake zote nne: kopa, shupaza, uru na pau, na turufu juu yake. Wareno hao walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakawatoa. Maneno ya mchezo yakabaki barazani na yapo mpaka leo, bila kamati yoyote kuyalinda. Jopo lililoshindwa kulisikia neno ambalo kila baraza inalisema lilikuwa likisikiliza wapi? Wala “kurusha” si kitenzi chake. Mpira hurushwa; dado hutupwa.

Sasa hilo “fiche”. Maana ya shairi yaweza kuwa fiche, kwa sababu msomaji anaweza kupita asijue kama ipo. Dado la msimamizi halina ufiche wa namna hiyo. Wachezaji wanauona mkono wake ukishuka nyuma ya kile kibao cha karatasi ngumu kilichosimamishwa mbele yake, wanalisikia likigonga meza, wanamwona akiinama kusoma. Kilichozuiwa ni namba tu. Kwa hiyo napendekeza, kama nilivyopendekeza tangu mwanzo, “dado la pazia”, na kinyume chake “dado la wazi”. Nyumba zetu zina pazia mlangoni: aliye ukumbini anajua kuna mtu chumbani, anamsikia akikohoa na vikombe vikigongana, ila hamwoni, na adabu inamzuia kufunua. Hali ya mezani ni hiyo hiyo. “Siri”, neno la Kiarabu ambalo wengine wamelikimbilia, inakwenda mbali mno. Na “faragha”, linalotokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu, linamtaka msimamizi awe peke yake, ilhali amezungukwa na watu.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko michezo hii. Katika Kriegsspiel, mchezo wa vita wa maofisa wa Prussia ambao Reisswitz alichapisha kanuni zake mwaka 1824, mwamuzi ndiye aliyetumia dado, na kila upande uliambiwa yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mwamuzi huyo aliingia nao. Faida yake inaonekana vizuri kwenye mitego. Mchezaji anakagua sanduku. Akitupa dado la wazi na kuona 2, anajua ukaguzi umeshindwa, na mkono wake hautaligusa sanduku hilo, ingawa mhusika wake hana sababu yoyote ya kuogopa. Dado la pazia linapotumika, anaambiwa tu, “Huoni mtego.” Labda haupo, labda umempita, na sasa lazima aamue akiwa na hofu ile ile aliyonayo mhusika. Mchezo wa Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, umeweka alama maalumu kwenye vitendo vya namna hii ili msimamizi avitupie dado mwenyewe.

Mwenzangu mmoja anashikilia “dado la msimamizi”. Ni mtaalamu ninayemheshimu, lakini hapa amepotoka. Wasimamizi wengi hutupa mashambulizi ya joka mbele ya macho ya wote, kusudi 20 ikitokea asilaumiwe mtu. Hilo ni dado la msimamizi, na ni la wazi. Na katika mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 msimamizi hatupi dado kabisa. Nani katupa ni swali moja, nani kaona ni lingine.

Lakini kilichonikera zaidi ni fasili. Rasimu inasema urushaji fiche ni “uwezo wa msimamizi kubadili matokeo”. Hapana! Kuficha namba na kuigeuza namba ni matendo mawili, na la pili lina jina ambalo wananchi wamelitengeneza wenyewe: kuchakachua. Tunalitumia kwa mafuta yaliyochanganywa na kwa kura zilizogeuzwa. Gygax, katika kitabu chake cha wasimamizi cha mwaka 1979, alimruhusu msimamizi kulipuuza dado pale inapobidi; wapo wengi leo wasiokubali, na ndiyo maana wanadai kila dado liwe la wazi. Mjadala huo hauwezi hata kuanza kwa Kiswahili ikiwa neno moja limebebeshwa tendo halali na tendo linalobishaniwa. Msimamizi anaweza kutupa dado la pazia miaka yote bila kuchakachua hata mara moja.

Kwa matumizi: dado la pazia, madado ya pazia, kutupa kwa pazia, kutupa kwa wazi. Sura ya mitego irekebishwe kwanza, kabla rasimu haijaenda kwa mchapaji.