Mtihani wa Majira ya Joto: Uanagenzi katika Benki za Uwekezaji na Historia ya Saa Zake

Tarehe 15 Agosti 2013, Moritz Erhardt, mwanafunzi Mjerumani mwenye umri wa miaka 21, alikutwa amefariki bafuni katika hosteli ya wanafunzi mashariki mwa London. Uanagenzi wake katika benki ya Bank of America Merrill Lynch ulikuwa unakaribia kwisha. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba alikuwa amekesha kazini usiku kadhaa mfululizo. Mnamo Novemba mwaka huo, mchunguzi wa vifo Mary Hassell aliamua kwamba kifo kilitokana na kifafa, ugonjwa ambao kijana huyo alikuwa nao tangu awali. Alieleza kuwa uchovu huenda ulichochea kifafa hicho, na huenda pia haukuhusika. Hapakuwa na ushahidi wa kuamua upande mmoja.

Kuhusu kifo chenyewe, mwanafunzi wa historia hana haki ya kusema zaidi ya hapo. Lakini lipo swali jingine ambalo historia inaweza kulijibu: ilikuwaje mwanafunzi aliye likizoni akaona kukesha ofisini ni jambo la kawaida? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kazi ya benki ndivyo ilivyo, na vijana wanaoiomba wanajua wanachokitafuta. Katika insha hii ninadai kwamba saa hizo hazikuzaliwa na kazi yenyewe. Zilijengwa hatua kwa hatua, na uanagenzi ukawa mahali pa kuzirithisha, kwa sababu anayesubiri kufunguliwa mlango ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kulalamika.

Kwanza tuelewe benki ya uwekezaji ni nini. Haipokei akiba za watu kama benki tunazozijua mitaani. Kazi yake ni kuzisaidia kampuni na serikali kuuza hisa na hatifungani, na kuzishauri kampuni zinapotaka kununuana au kuungana. Nchini Marekani, sheria ya Glass-Steagall ya mwaka 1933 ilizitenganisha benki za aina hizo mbili baada ya mporomoko wa soko la hisa wa 1929. Ndiyo maana Morgan Stanley ilizaliwa mwaka 1935, ikitoka ndani ya J.P. Morgan, ambayo ilichagua kubaki na kazi ya amana na mikopo.

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia moja ya kuingia katika kazi hii. Sidney Weinberg, mtoto wa Brooklyn aliyeacha shule mapema, aliingia Goldman Sachs mwaka 1907 akiwa msaidizi wa mfagizi. Mwaka 1930 alikuwa ndiye kiongozi wa kampuni hiyo, na alibaki na ushawishi mkubwa hadi alipofariki mwaka 1969. Sitaki tuudanganyike na kisa hiki. Kwa kila Weinberg mmoja walikuwapo wengi walioingia kwa jina la ukoo, na wanawake na Wamarekani weusi hawakuwa na mlango kabisa. Hata hivyo kisa chake kinaonyesha jambo moja: kampuni hizi zilikuwa za ubia, wenye mali walikaa ofisi moja na makarani wao, na mtu aliweza kupimwa kwa miaka badala ya wiki.

Hali hiyo ilibadilika kati ya 1970 na 1990, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni umiliki. Mwaka 1970 Soko la Hisa la New York liliruhusu kampuni wanachama wake kuuza hisa zao kwa umma. Merrill Lynch iliuza mwaka 1971, Morgan Stanley mwaka 1986, na Goldman Sachs ikafuata mwaka 1999. Kampuni ya ubia ikawa kampuni kubwa yenye wanahisa wanaodai faida, na idadi ya wafanyakazi ikaongezeka mno. Mabadiliko haya yalivuka bahari: tarehe 27 Oktoba 1986 London ililegeza kanuni za soko lake, na benki za Marekani zikapata nafasi ya kununua kampuni za Waingereza. Pamoja na fedha zao zilileta desturi zao za kazi.

Sababu ya pili ni ushindani. Katika wimbi la kampuni kununuana la miaka ya 1980, mteja aliweza kuiacha benki moja asubuhi na kuiita nyingine jioni. Benki zikaanza kushindana kwa wepesi wa kujibu. Mteja akiuliza Ijumaa usiku, majibu yawe mezani Jumamosi asubuhi.

Sababu ya tatu ni ndogo kwa sura lakini naiona kubwa kwa athari: lahajedwali la kompyuta. VisiCalc ilitoka mwaka 1979 na Lotus 1-2-3 mwaka 1983. Kabla ya hapo, kubadilisha makadirio ya riba au bei kulimaanisha kurudia hesabu za karatasi nyingi kwa mkono, kwa hiyo mkubwa alifikiri mara mbili kabla ya kuagiza. Baada ya hapo aliweza kuagiza hesabu ile ile kwa namna ishirini, kwa kuwa aliyeagiza hakuona gharama yoyote. Chombo kilichopunguza kazi ya kukokotoa kiliongeza kazi ya mkokotoaji. Mzigo ulishuka hadi kwa aliye chini kabisa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 benki zilianza kuajiri kwa wingi vijana waliotoka tu chuoni kwa mikataba ya miaka miwili.

Uanagenzi wa majira ya joto ukawa mlango wa mikataba hiyo. Kwa wiki saba hadi kumi mwanafunzi hufanya kazi ndogo ndogo zinazochukua muda mrefu: kupanga kurasa za mawasilisho, kuhakiki takwimu, kusahihisha jedwali usiku ili mkubwa alikute asubuhi. Mwishoni baadhi hupewa ahadi ya ajira na wengine hukosa. Kwa hiyo jina la uanagenzi linaficha kitu. Mwanagenzi wa seremala hupimwa kwa kiti alichokitengeneza. Katika benki kazi ya mmoja haitofautiani sana na ya mwenzake, na kinachoonekana kwa urahisi ni nani bado yuko mezani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hupewa jembe siku ya kwanza, na hatazamii kuambiwa aliweke chini. London palikuwa na desturi iliyojulikana sana: teksi humpeleka mwanagenzi nyumbani alfajiri, humsubiri nje akioga na kubadilisha nguo, kisha humrudisha ofisini.

Je, sheria ilikuwa wapi? Kanuni za muda wa kazi za Uingereza za mwaka 1998, zilizotokana na mwongozo wa Ulaya wa 1993, ziliweka wastani wa saa 48 kwa wiki. Lakini Uingereza ilidai ruhusa kwamba mfanyakazi mmoja mmoja aweze kutia saini kuukataa ukomo huo. Kwa maandishi, saini ni hiari. Kwa mwanafunzi anayejua kuwa nyuma yake kuna mamia wanaoitaka nafasi yake, hiari hiyo ni ndogo sana. Mwaka 2024 Goldman Sachs peke yake ilipokea maombi zaidi ya 315,000 ya uanagenzi, na waliokubaliwa hawakufika asilimia moja.

Baada ya kifo cha Erhardt benki zilianza kujirekebisha. Oktoba 2013 Goldman Sachs iliwaagiza vijana wake wasifanye kazi kuanzia Ijumaa saa tatu usiku hadi Jumapili saa tatu asubuhi. Januari 2014 Bank of America ilitaka vijana wapumzike angalau siku nne za wikendi kwa mwezi. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwakataza wanagenzi kukaa ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Tukiihesabu kanuni hiyo, tunaona bado inaruhusu siku ya kazi ya saa 17. Tena ilizuia kukaa ofisini bila kupunguza wingi wa kazi. Mwaka 2021 vijana 13 wa mwaka wa kwanza katika benki hiyo walikusanya majibu yao wenyewe na kuonyesha wastani wa saa 95 kwa wiki. Waliomba kikomo cha saa 80, na ombi hilo lenyewe linatuonyesha matarajio yao yalikuwa yameshuka kiasi gani.

Najua wenzangu hapa Kampala watasema: hao angalau wanalipwa vizuri. Ni kweli. Wengi wetu tunapokwenda kwenye mafunzo kazini wakati wa likizo tunajitolea nauli na chakula. Lakini tofauti ya mshahara isitufanye tusione tunachofanana. Mwanagenzi, alipwe au asilipwe, anategemea barua ya mtu yule yule ambaye angepaswa kumlalamikia.

Ndiyo maana mfano wa jirani zetu wa Kenya una somo. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulikuwa na suala la madaktari wanagenzi na malipo yao katika kiini chake. Waliogoma hawakuwa wanagenzi peke yao. Madaktari walioajiriwa tayari, wenye chama na mkataba wa mwaka 2017 mkononi, waliweka kazi zao rehani kwa ajili ya wanaokuja nyuma yao. Katika benki za London na New York sijaona kitu kama hicho. Huko kanuni zilibadilika baada ya msiba, au baada ya vijana wachache kuthubutu kuandika.

Historia hii basi haituambii kwamba benki zina watu wabaya, wala kwamba vijana wa kizazi fulani walikuwa na tamaa kupita kiasi. Wengi wa wakubwa wanaoagiza kazi usiku wa manane waliwahi kuwa wanagenzi wenyewe, na wanaamini kuwa walichovumilia wao ndicho kipimo. Inatuambia kwamba desturi iliyojengwa ndani ya miaka isiyozidi ishirini inaweza kubomolewa pia, na kwamba hatuwezi kumwachia aliye chini kabisa kazi ya kuibomoa. Baadhi yetu tutapata kazi na miaka michache ijayo tutaletewa wanagenzi. Siku hiyo swali halitakuwa tena tulivumilia nini, bali tunamwambia huyu kijana aende nyumbani saa ngapi.