Anza na Pembe ya Kijani

Kila anayemtaja Juan Bautista de Anza humtaja kwa San Francisco. Ni haki yake. Oktoba 1775 aliondoka Tubac, kusini mwa Arizona ya leo, na watu wapatao 240, zaidi ya nusu wakiwa wanawake na watoto, akawavusha jangwa hadi California. Safari nzima ilimchukua mtu mmoja tu, mama aliyefariki kwa uzazi usiku wa kwanza. Machi 1776 akachagua mahali pa kujenga ngome juu ya ghuba. Lakini Anza ninayemheshimu mimi ni yule wa miaka 10 baadaye, gavana wa New Mexico, jimbo la Wahispania.

Alizaliwa 1736 huko Fronteras, Sonora, mwana wa kapteni wa ngome ya Wahispania mpakani. Hajatimiza miaka 4, Waapache, kabila la wenyeji, wakamwua baba yake. Akakulia kwenye maisha ya askari na mwenyewe akawa kapteni. Alipoingia Santa Fe, mji mkuu wa New Mexico, 1778 akiwa gavana, kilio cha vijiji kilikuwa mashambulizi ya Wakomanchi, wapanda farasi wa nyandani, hasa kiongozi wao mmoja aliyevaa taji lenye pembe ya kijani, ndiyo maana Wahispania wakamwita Cuerno Verde. Huyu naye baba yake aliuawa vitani na Wahispania. Anza mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye shajara yake kwamba chuki ya mtu huyo ilitoka hapo. Naamini hakuweza kuandika maneno hayo bila kumkumbuka baba yake mwenyewe.

Agosti 1779 alimfuata Cuerno Verde. Magavana waliomtangulia walikuwa wakienda kwa njia iliyozoeleka, na Wakomanchi wakawaona mapema. Anza akapanda kaskazini kupitia bonde la San Luis, na jeshi likawa linatembea usiku ili vumbi lisiwafichue. Wayuti, kabila jingine, na baadhi ya Waapache walijiunga naye, jumla wakawa karibu 800. Akawashukia Wakomanchi kutoka upande wasioutarajia. Tarehe 3 Septemba alimnasa Cuerno Verde akirudi kutoka kukishambulia kijiji cha Taos, akambana korongoni. Wakomanchi waliruka chini, wakapigana nyuma ya farasi wao. Cuerno Verde aliuawa pale pamoja na mwanawe mkubwa. Taji lake Anza alilipeleka kwa mkubwa wake, Teodoro de Croix.

Wengi wangeridhika na ushindi huo. Yeye aliendelea kusisitiza kwamba hatafanya amani na kundi moja moja. Wakomanchi wote wakubaliane kwanza, wamchague msemaji. Ndui ya 1780 na 1781 ilikuwa imewapunguza sana, biashara nayo walikuwa wakiihitaji. Wakamchagua Ecueracapa, na Februari 1786 akaingia Santa Fe, kisha yeye na Anza wakaenda kijiji cha Pecos kufunga mkataba.

Kilichofanyika Pecos ndicho kinachonivuta. Zamani kwenye minada wanunuzi wa New Mexico walikuwa wakiwapunja Wakomanchi, na ugomvi wa sokoni ukiishia kwenye mishale. Anza akachora mistari miwili ardhini. Wenyeji wakasimama nje ya mmoja, Wakomanchi nje ya mwingine, na bidhaa zikabadilishwa mbele ya macho ya wote katikati: ngozi, nyama, mafuta na farasi. Wakomanchi kwa upande wao walichimba shimo, wakafanya ibada zao, wakalifukia, vita wameizika.

Amani hiyo ilidumu miongo kadhaa, na nadhani ni kwa sababu gavana aliijali mizani ya soko kama alivyoijali bunduki. Lakini lazima niseme na hili: miongoni mwa masharti, Wakomanchi walikubali kuungana na Wahispania kuwapiga Waapache. Hao, watu wa kabila lililomwua baba yake, Anza hakuwapa mistari miwili ya ardhini. Desemba 1788 alifariki Arizpe, Sonora, na vita dhidi yao ikiwa bado inaendelea.